Neno Lililodidimia

Upepo wa Dodoma leo umeamka vibaya, vumbi limetufuata mpaka kwenye vikombe vya chai humu studio. Basi rudishia dirisha, sogeza redio karibu, tuzungumze.

Leo sina wa kumsema. Najisema mwenyewe.

Kwenye kompyuta yangu kulikuwa na faili moja lenye jina rahisi: BIBI. Ukilibofya, kinatokea kidirisha kidogo cheupe, mstari mtupu na kitufe cha kukubali. Kinataka neno. Walimu wa lugha wanaliita nywila, ofisini utasikia nenosiri, na ukipita Majengo au Chang'ombe kila mtu ni paswedi tu. Liite utakavyo. Mimi sikuwa nalo, na aliyeliweka pale ni mimi.

Ilikuwa hivi. Mwaka 2013 nilikwenda Mvumi na kinasa sauti nilichoazima. Bibi yangu mzaa baba alikuwa bado na sauti yake, ingawa macho yalishamwacha. Tulikaa siku nne chini ya mkwaju, yeye anasimulia kwa Kigogo, mimi nabadilisha betri. Alisimulia Mtunya, ile njaa kuu ya Ugogo ya mwaka 1917 hadi 1920, kama alivyosimuliwa na mama yake aliyenusurika. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imepita nchi hii kama nzige: majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yakachukua ng'ombe, yakachukua nafaka, yakachukua vijana wa kubeba mizigo. Ukame ulipokuja, ukawakuta watu mikono mitupu. Alisimulia pia Operesheni Dodoma, mwanzoni mwa miaka ya 1970, familia zilipotakiwa kuacha matembe yao yaliyotawanyika na kukaa pamoja vijijini. Akaimba nyimbo za muheme, ngoma ya wanawake, akipiga paja badala ya ngoma.

Siku ya nne akaingia mambo ya ukoo. Nani alimpa nani shamba. Nani aliazima ng'ombe wa nani na hakumrudisha mpaka anaingia kaburini. Alipomaliza akanishika mkono: "Haya si ya kila sikio."

Nami nikawa mjukuu mtiifu. Siku zile sikuwa na kompyuta yangu mwenyewe. Kazi zangu nyingine nilizifanya ofisini kwenye mashine ya watu watatu, nyingine stesheneri, na fleshi yangu ilizunguka mikononi mwa watu kama kata ya mtungini. Kwa hiyo nikachukua rekodi zote kumi na moja, nikazibana katika faili moja la zipu, nikalifunga kwa neno. Neno refu, la akili. Nakumbuka jambo moja tu kuhusu neno hilo: nilipomaliza kulibuni nilicheka peke yangu, nikajiambia hili hata mwizi mwenye shahada halipati. Kisha nikafuta rekodi za wazi, nikarudisha kinasa sauti cha watu.

Bibi alifariki miaka sita baadaye. Mwaka 2023 ukoo ukakubaliana kulijengea kaburi lake, na katika kikao mtu mmoja akasema: "Si wewe ulimrekodi? Lete sauti yake siku hiyo, na watoto wamsikie." Macho yote yakanigeukia. Nikajibu, "Hamna shida."

Shida ilikuwepo, msikilizaji. Niliketi usiku ule nikaandika kila neno nililowahi kulitumia maishani, na kila mara kile kidirisha kikanijibu kwamba nimekosea.

Sasa tuelewane kidogo kuhusu hili faili la zipu, maana wengi tunalitumia bila kujua tunashika nini. Muundo huu ulitolewa mwaka 1989 na Mmarekani aliyeitwa Phil Katz, wa mji wa Milwaukee. Kazi ya kwanza ya zipu ni kubana. Programu inapita ndani ya faili, inatafuta yanayojirudia, inayaandika mara moja na kuweka alama pale yanaporudi, kama karani anayeandika "kama hapo juu" badala ya kurudia mstari mzima. Kazi ya pili ni kukusanya, mafaili kumi na moja yakawa furushi moja. Ya tatu, ukitaka, ni kusimba, yaani kuvuruga yaliyomo kwa hesabu, ili asiye na neno aone uji tu.

Na hapa ndipo wengi tunapojidanganya. Tunadhani lile neno limewekwa mahali fulani ndani ya faili, kama ufunguo chini ya mkeka, na fundi mjanja atafunua mkeka. Halimo. Neno ni mbegu tu. Programu inaisaga kwa hesabu ikapata ufunguo, na ufunguo ndio unaovuruga na kuvurugua. Kazi ikiisha, neno linatupwa. Linabaki mahali pamoja duniani, nako ni kichwani mwako.

Ukisahau namba ya siri ya pesa za simu, unakwenda kwenye ofisi ya mtandao na namba yako ya NIDA, unaweka kidole, unatoka na namba mpya. Inawezekana kwa sababu upande wa pili wa kaunta kuna mtu. Faili lililosimbwa halina kaunta wala upande wa pili. Halikujui uso, halijui kidole chako, halijui kwamba aliyemo ndani ni mama wa baba yako. Mwizi na mjukuu mbele yake ni mtu mmoja.

Nikaelekezwa kwa kijana mmoja, fundi, aliyesomea kompyuta Chuo Kikuu cha Dodoma, mwenye kijiduka maeneo ya Sabasaba. Nilikwenda na mke wangu. Kijana akanipa shikamoo, akaangalia faili, na swali lake la kwanza halikuhusu kompyuta. "Mzee, hili faili ni lako kweli?"

Nilitaka kukasirika. Baadaye nikamheshimu. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayokataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta wa mtu bila ruhusa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayomtaka anayeshika taarifa za watu azilinde. Fundi anayefungua kila analoletewa bila kuuliza, kesho atafungua la kwako aliloletewa na jirani yako. Nikamweleza habari ya bibi, nikamtajia majina ya rekodi kabla hajaniuliza. Akaridhika. Akasema hachukui hela mpaka lifunguke. Likigoma, nitamlipa umeme.

Kisha akanifundisha hesabu, nami nakupitishia kama nilivyopokea. Kuna njia ya nguvu: kompyuta inajaribu kila neno linalowezekana, moja baada ya jingine. Tuseme mashine yake inajaribu maneno milioni 10 kwa sekunde. Namba ya simu ya hapa kwetu ina tarakimu kumi, na inaanza na 06 au 07. Zinazowezekana ni milioni 200, na mashine inazimaliza kwa sekunde 20. Kwa hiyo wewe unayetumia namba ya simu ya mkeo kama nenosiri, ukidhani ni mapenzi na usalama kwa pamoja, mapenzi labda. Tarehe ya kuzaliwa? Siku zote tangu mwaka 1950 mpaka leo hazifiki elfu 30. Kabla hujapepesa jicho, kwisha.

Herufi nane ndogo, a mpaka z, zinafika bilioni 208 na ushee. Mashine ileile inazipitia kwa saa sita zisizotimia. Ongeza herufi nne tu, ziwe kumi na mbili. Unajua muda unakuwaje? Miaka 302. Herufi nne, msikilizaji. Changanya kubwa na ndogo na tarakimu, katika urefu uleule wa kumi na mbili, hesabu inapita miaka milioni 10.

"Neno lako lilikuwa refu kiasi gani, mzee?"

"Refu," nikasema. Fahari yangu ya mwaka 2013 ikanishuka kooni kama ugali mkavu.

Basi akaacha mashine, akanigeukia mimi. Ndipo nilipojua kwamba kazi hii nusu yake ni hesabu na nusu ni mahojiano. Hatafuti neno, anamtafuta mtu aliyekuwa ameketi pale siku ile. Mwaka 2013 ulikuwa unaishi wapi? Ulikuwa na watoto wangapi, na nyumbani mnawaitaje? Simba au Yanga? Unapenda mstari gani wa Biblia, na ukiandika Zaburi unaweka namba au huweki? Ng'ombe wenu waliitwa nani? Ukitaka kuweka tarakimu, unaweka mwanzoni au mwishoni? Herufi kubwa unaipenda wapi?

Akaendelea, macho kwenye karatasi: "Na kabla ya mama hapa, kulikuwa na jina jingine?"

Kimya. Feni ikasikika. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nami nikazaa. Nikataja jina. Kijana akaliingiza, pamoja na vibadala vyake vyote, vyenye 1 mwishoni, vyenye 123, herufi kubwa mbele. Mashine ikazunguka, ikatulia. "Siye," akasema.

Mke wangu akaokota mkoba wake. "Angekuwa ndiye, hili faili lingebaki humu humu dukani."

Kijana alinionyesha jambo jingine lililonipa kiburi kidogo cha lugha. Mafundi duniani wana orodha za maneno ambayo watu hupenda kuyatumia. Maarufu kuliko zote ilitokana na kampuni moja ya Marekani, RockYou, iliyovamiwa mwaka 2009; manenosiri ya akaunti milioni 32 yalikuwa yamehifadhiwa waziwazi bila kuvurugwa, yakamwagika yote. Lililoongoza kwa kupendwa lilikuwa 123456. Orodha za namna hii zimejaa Kiingereza, na fundi wa Dodoma akizitegemea peke yake atakesha. Mwingereza akishaandika neno lake la kupenda, amemaliza. Mswahili ana nakupenda, ninakupenda, nilikupenda, tunapendana, mpendwa, kipenzi, na katikati anaweza kupenyeza nani, lini na namna gani. Shina moja la kitenzi linazaa ukoo mzima. Kwa hiyo kijana alikuwa ameandika kanuni zake mwenyewe za kunyambua vitenzi vya Kiswahili, kwa ajili ya kufungulia kufuli. Mwalimu wangu wa sarufi angesikia, angelia kwa furaha.

Akaongeza na Kigogo nilichompa. Mashine ikafanya kazi usiku kwa usiku, wiki mbili. Haikupata kitu.

Wazee wa hapa wanasimulia kwamba tembo alishuka kunywa maji kwenye kijito, matope yakamshika, akazama. Watu walipofika wakasema kwa Kigogo, idodomya, amedidimia, na mji ukachukua jina. Jioni ile natoka Sabasaba nilijua nilichonacho ni tembo wa namna hiyo. Mgongo unauona. Kumtoa huwezi.

Nasema mgongo unauona, na hii si tamathali. Faili la zipu, hata likiwa limefungwa, halifichi majina ya vilivyomo wala ukubwa wake. Nilikuwa naona kabisa: bibi_mtunya, bibi_operesheni, bibi_wimbo2. Ni kama kusimama dirishani kwa bibi unamwona amekaa, na mlango umefungwa kwa ndani. Ukitaka hata majina yafichwe, yapo mafurushi ya aina nyingine yanayoweza kufanya hivyo.

Wiki iliyofuata kijana akanipigia. Alikuwa ameangalia aina ya kufuli lenyewe, jambo ambalo, akakiri, alipaswa kulifanya siku ya kwanza. "Mzee, hizi rekodi ulishawahi kumpa mtu hata moja? Moja tu, ambayo haijafungwa?"

Naomba uniazime sikio lako vizuri hapa. Usimbaji wa zipu uko wa aina mbili kubwa. Wa zamani ulikuja na zipu za mwanzo kabisa. Mwaka 1994 wataalamu wawili wa usimbaji, Eli Biham na Paul Kocher, walionyesha udhaifu wake. Neno lako lote, liwe na urefu wa treni ya SGR, linasagwa mpaka linakuwa namba tatu tu za ndani, na kila faili ndani ya furushi linaanza kuvurugwa na namba hizohizo tatu. Ukiwa na kipande kidogo cha yaliyomo, baiti kumi na kadhaa za kile kilichovurugwa kikiwa bado wazi, unaweza kulinganisha uji na nafaka yake, ukarudi nyuma kwa hesabu mpaka kwenye zile namba tatu. Ukizipata, furushi lote linafunguka. Neno hulihitaji tena.

Kufuli hili la zamani halijafa. Programu nyingi bado zinalitumia mtu anapotengeneza zipu bila kuchagua kitu kingine, kwa sababu linafunguka karibu kila kompyuta. Mimi mwaka 2013 sikuchagua kitu. Nilibofya tu.

Je, nilishampa mtu? Nilikaa nikifikiri mpaka chai ikaota ngozi. Kisha nikamkumbuka shangazi yangu wa Mpwapwa. Kulikuwa na siku nilimwekea wimbo mmoja wa mama yake kwenye memori kadi ya simu yake ya kitochi. Kwa nini nilimpa, na kwa nini mmoja tu, sikukumbuka.

Jumamosi nikapanda basi. Tukashika barabara ya Morogoro mpaka Mbande, tukakata kuelekea Kongwa, hadi Mpwapwa. Shangazi nilimkuta anapepeta karanga. Nikampa shikamoo, akaniitikia marahaba, akataka habari za kila mtu mmoja mmoja, na mimi roho iko kwenye kitochi. Simu yenyewe ilishakufa zamani. Memori kadi? Akaingia ndani, akatoka na kifurushi cha kitambaa chenye fundo. Ndani yake kulikuwa na kadi ya kliniki ya mwanawe wa mwisho, risiti ya mabati, na ile kadi ndogo kama ukucha.

"Nilijua utakuja kuitaka," akasema. Sidhani kama alijua. Shangazi wote husema hivyo.

Kule Sabasaba kijana hakushangilia haraka. Kuna namba ya ukaguzi ambayo zipu inaiweka waziwazi kwa kila faili, inayotokana na yaliyomo kabla hayajavurugwa. Akakokotoa namba hiyo kwa wimbo wa shangazi, akailinganisha na ile ya bibi_wimbo2. Zikalingana, tarakimu kwa tarakimu. Wimbo haukuongezewa wala kupunguzwa kitu. Na hapa pana bahati: laiti ningeutuma wimbo ule kwa njia inayougeuza muundo au kuupunguza ubora, kama inavyotokea kwa picha nyingi tunazotumiana kwenye simu, masikio yasingeona tofauti, lakini hesabu ingegoma. Kadi ilitunza nakala halisi.

Ilimbidi aubane ule wimbo upya kwa namna ileile niliyoubana mimi miaka kumi nyuma, maana kinachovurugwa ni kile kilichokwisha kubanwa. Alijaribu programu mbili, ya tatu ikakubali. Kisha akaachia mashine ikokotoe. Nilitoka nje kununua maji. Niliporudi, kijiduka kizima kilikuwa kimejaa sauti ya bibi.

Sitaieleza sauti hiyo. Wenye bibi wanaelewa.

Nilipotulia, kijana aliniambia kwamba kisa changu kina ndugu yake mkubwa huko Marekani. Mtaalamu mmoja, Michael Stay, mwaka 2001 alichapisha utafiti kuhusu kushambulia zipu za aina hii ukiwa na vipande vichache. Karibu miaka 20 baadaye akatafutwa na mtu aliyekuwa na funguo za bitcoin ndani ya zipu ambayo nenosiri lake alilisahau. Zilinunuliwa kwa takriban dola elfu 10, na wakati huo zilikuwa zimepanda kupita dola laki 3. Yeye hakuwa na shangazi wa Mpwapwa, hakuwa na kipande kizima cha wazi. Ilibidi wataalamu wabuni mbinu mpya na kukodi mitambo yenye nguvu. Wakafanikiwa. Kumbe memori kadi ya shangazi ilikuwa na thamani gani.

Sasa msikilizaji mwenye akili atasema: basi na mimi nitatumia kufuli la zamani, nikisahau nitafunguliwa. Hapana. Kufuli linalokusamehe wewe linamsamehe na mwizi. Kufuli za leo zinatumia usimbaji uitwao AES, uliobuniwa na Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, ukapitishwa kuwa kiwango rasmi cha Marekani mwaka 2001. Tangu mwaka 2003 zipu nazo zimeweza kuutumia. Programu ya 7-Zip, ya Mrusi Igor Pavlov, ikifunga furushi la aina yake, inalisaga neno lako mara 524,288 kabla ya kupata ufunguo. Wewe unayelijua neno unangoja kidogo, huhisi kitu. Anayekisia analipia usagaji huo kwa kila kisio. Zile milioni 10 kwa sekunde, kwenye mashine ya kawaida, zinashuka mpaka makumi au mamia. Kwa makisio 100 kwa sekunde, herufi nane ndogo zilizochukua saa sita zinachukua miaka 66. Na wimbo wa shangazi haukusaidii kitu. Ungenionyesha rekodi zote kumi ziko wazi, ya kumi na moja isingefunguka.

Yaani ningekuwa mjanja zaidi mwaka 2013, leo bibi yangu angekuwa kimya milele. Nimelitafakari sana jambo hili. Niliokolewa na uvivu wangu na kifundo cha kitambaa cha shangazi, na uvivu si wa kutegemea.

Mji huu wetu umejaa mafaili. Tangu serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016, na wizara zikapanda Mtumba, kila mtu ana fleshi shingoni au mfukoni. Watumishi wanahama vituo, wanastaafu, wanaugua. Vikundi vya wakulima wa zabibu kule Hombolo na Mpunguzi vina makatibu wanaotunza orodha za wanachama. Wanafunzi kule chuoni wana tasnifu za miaka mitatu. Ukimfundisha katibu kufunga faili bila kumfundisha kumkabidhi mwenzake neno, umemwonyesha mlango ukamnyima ufunguo wa akiba.

Ninachofanya mimi siku hizi ni hiki. Nafunga kwa kufuli jipya, lenye AES. Neno langu ni maneno manne matano yasiyohusiana, marefu, ninayoweza kuyatamka. Nayaandika kwenye karatasi. Ndiyo, karatasi. Mwizi wa mtandaoni hawezi kufika kwenye kabati langu la Nkuhungu, na mwizi wa kabati anataka redio. Karatasi iko katika bahasha mbili, moja kwangu, moja kwa mtu ninayemwamini, na nje imeandikwa ni ya faili gani. Sifuti nakala ya wazi mpaka nimelifungua faili kwa neno hilo siku hiyo, na tena baada ya wiki. Kila Januari nafungua mafaili yangu yote, kama mtu anayeanika vitambulisho juani visiote ukungu.

Na ukiwa tayari umesahau: acha kubahatisha ovyo. Andika kila ulichokwisha kujaribu. Usilitupe faili, na usiliguse la asili, fanyia kazi nakala. Kimbia tovuti inayokuambia upandishe faili lako huko na utume hela kwanza. Utakuwa umewapa siri na nauli. Tafuta fundi anayeanza kwa kukuuliza kama faili ni lako. Kisha waulize ndugu zako: nani nilimpa kipande?

Siku ya kujenga kaburi ilifika. Mvumi ilijaa. Tulipiga habari za Mtunya, watoto wakaketi chini wakisikiliza, wengine wakitafsiriwa Kigogo na mama zao, na hilo nalo ni la kusemwa siku nyingine. Ile rekodi ya mambo ya ukoo hatukuipiga. Si ya kila sikio. Ipo, imefungwa upya, na bahasha zipo mbili.

Neno lenyewe silijui mpaka leo. Kijana alisema kulirudisha kutoka zile namba tatu kunawezekana likiwa fupi. Langu ni refu mno. Sijui nilicheka nini siku ile.

Lakini kwenye rekodi ya kumi na moja, mwishoni kabisa, kuna kipande nilichokuwa nimekisahau kama nilivyolisahau neno. Bibi ananiuliza haya yote nitayaweka wapi. Nasikia sauti yangu, bado changa, ikijibu kwa kujiamini: "Mahali ambapo hakuna atakayeyapata, bibi."

Anakaa kimya. Kuku analia mbali. Kisha anasema: "Basi mpe na shangazi yako wimbo mmoja. Asije akasema nimemnyima."

Tukutane wiki ijayo, saa kama hii. Usiku mwema.